Ufunguo Mmoja wa Ghala

Julai mwaka juzi nilisimama uwanjani kijijini kwetu, wilaya ya Tandahimba, namsubiri dada yangu. Asubuhi ile watoto walikuwa wanatoka jandoni. Mwanawe wa kwanza, mwenye miaka 11, alikuwa wa nne kwenye mstari, mwili unang'aa mafuta, amevaa shati jipya nililomnunulia Mtwara mjini. Kila mwali akifika katikati ya uwanja, wa kwao wanamzunguka: vigelegele, khanga zinatandikwa chini, mama mtu anacheza mbele ya mwanawe mpaka jasho linamtiririka. Zamu ya wetu ilipofika, aliyecheza ni mama yetu mzazi, na magoti yake mabovu yale, na mimi mjomba wake. Dada alifika magharibi. Vumbi la njano la salfa, dawa ya mikorosho, lilikuwa bado limemganda kwenye nyusi.

Alikuwa ghalani. Lori la pembejeo lililotarajiwa Jumatatu liliingia Ijumaa usiku, na orodha ya waliouza ufuta ilirudi na makosa kwenye namba za akaunti. Yeye ni katibu meneja wa chama cha msingi cha ushirika cha wakulima wa korosho na ufuta, AMCOS kama tunavyosema sote. Ufunguo wa ghala ulikuwa kwenye pindo la khanga yake, na haukuwa na pacha.

Kisa hiki nakiandika kwa ruhusa yake na ya mumewe. Jina la kijiji na la chama nimeyaacha. Nakiandika kwa sababu maelezo ya harakaharaka tuliyokuwa nayo ya kwa nini kazi ilimmeza, mimi nikiwemo, yalimwonea dada yangu kwa muda mrefu, na najua wako wengine wanaoonewa hivyohivyo katika vyama, zahanati na shule za huku Kusini.

Kazi yenyewe

Kwa asiyeijua korosho, mambo huwa hivi. Mkulima anaokota, anaanika, analeta chamani. Karani anachoma gunia kwa bambo, kile chuma cha kutolea sampuli, anaangalia ukavu na uchafu, anasema daraja. Mzigo unapimwa, mkulima anapewa stakabadhi, magunia yanakwenda ghala kuu. Mnada unafanyika, wakulima wanaikubali bei au wanaikataa. Wakiikubali, mnunuzi analipa, na fedha zinashuka mpaka kwenye akaunti ya mkulima, makato yameshatolewa njiani. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani uliingia kwenye korosho msimu wa 2007/08. Ukiutazama kwa mbali ni kazi ya mizani na kalamu. Kijijini, katibu ameshika mwaka mzima wa kila kaya: ada ya mtoto, bati za nyumba, mahari, deni la dukani. Herufi moja ikikosewa kwenye jina, fedha inarudi benki, na mwenye jina anarudi kwa katibu.

Hapo lazima niseme habari za marehemu baba. Hakujua kusoma. Miaka ya mwanzo ya mfumo ule malipo yalikuja kwa awamu, ya kwanza na ya pili, na risiti zake alizihifadhi kwenye kopo la majani ya chai. Jioni alimwita dada amsomee. Dada alikuwa anasoma sekondari. Alimsomea kilo, alimsomea bei, na baba akauliza kila mara, "Na ile ya pili wameandika lini?" Hapakuwa na tarehe. Misimu mingine malipo ya pili yalikuja pungufu, mingine yakaja wakati deni limeshazaa deni. Hatukuwa peke yetu. Aprili 2013 kule Liwale, mkoani Lindi, hasira ya malipo ya pili yaliyopungua iliishia kwa nyumba kuchomwa moto. Dada alikua akijua kwamba daftari likikaa vibaya watu wanaumia.

Basi alipoajiriwa chamani, hakuichukua kazi ile kama ajira tu. Aliichukua kama amana. Nasisitiza neno hili kwa sababu ndilo lililotukosesha jibu kwa muda mrefu. Mtu anayefuata cheo unaweza kumwambia apunguze tamaa. Mtu aliyeshika amana ukimwambia apunguze, anakusikia unamwambia aibe kidogo.

Halafu ukaja msimu wa 2018. Oktoba wakulima walizikataa bei za minada. Novemba Serikali ikatangaza itanunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, magari ya jeshi yakaja kusomba, na malipo yakaanza kwenda sambamba na uhakiki wa wakulima na mashamba, kwa sababu ya kuwatafuta waliokusanya korosho za kangomba, yaani zile zinazonunuliwa kwa mkulima mwenye shida kwa bei ya kutupa. Kwa ambaye jina lake lilichelewa kupita, ulikuwa muda mrefu wa kukaa bila senti, naye hakuwa na ofisi nyingine ya kuuliza zaidi ya kibaraza cha dada. Walikuja saa kumi na moja alfajiri kabla hajaenda kisimani. Walikuja saa nne usiku. Aliwafungulia wote. Ule mlango haukufungwa tena baada ya msimu ule kwisha. Nadhani ndipo tulipompoteza, na hakuna aliyeona, kwa kuwa wakati ule ilikuwa sawa kabisa kufanya vile.

Mwaka usio na kiangazi

Kuna jambo lililonichukua muda kuliona, na ndilo ninalolitaka msomaji alishike kuliko mengine. Kusini hakuna mtu anayedai mizani ya kazi na nyumba kwa siku, wala kwa wiki. Mwezi wa 11 mume haulizi kwa nini mkewe amerudi usiku. Mtoto anakula alichopika bibi, shamba la mihogo linasubiri, hata wagonjwa wanavumilia. Kila mtu yuko kwenye korosho. Usawa wetu tangu zamani ulikuwa wa mwaka: unakimbia kuanzia Oktoba hadi Januari, halafu mvua, palizi, na ukifika ukavu wa Juni na Julai watu wanakaa, wanajenga, wanaozesha, wanawaingiza watoto jandoni na unyagoni, wanacheza ngoma usiku kucha. Mwenye kukimbia miezi minne anajua kuna miezi ya kulipa deni la nyumbani.

Kalenda ile imevunjika bila tangazo. Salfa na viuatilifu vingine vya kupambana na ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, hugawiwa kupitia vyama, kwa orodha na sahihi, kuanzia pale mikorosho inapokaribia kutoa maua katikati ya mwaka. Ufuta nao uko kwenye minada, Juni na Julai. Mbaazi zinafuata. Kabla mbaazi hazijakwisha korosho zimeanza kudondoka. Malipo na marekebisho yake yanaburuzwa hadi Februari. Kwa mkulima hizi ni habari njema, na mimi ni mtoto wa mkulima, sitazibeza: ufuta uliokuwa unauzwa kwa kisado sasa una mnada. Lakini kwa mtu mmoja mwenye ufunguo mmoja, misimu minne imeungwa kichwa na mkia. Kiangazi chake kimeliwa. Na jando haliwezi kuhamia masika.

Ndiyo maana siku ile ya Julai si bahati mbaya ya lori. Lisingekuwa lori, ingekuwa orodha. Isingekuwa orodha, angekuja mkaguzi.

Nyumbani

Shemeji yangu si mtu wa maneno. Mwaka wa kwanza alijivuna kuoa katibu. Mwaka wa tatu akaanza kula kwa mama yake. Nilipomuuliza kama wamegombana, akanijibu, "Hatujagombana. Mke wangu nimemwazima chama, na siku ya kurudishiwa sijaambiwa."

Mtoto wao wa mwisho, wa miaka minne, alikuwa na mchezo wake. Anapanga mawe juu ya kifuniko cha sufuria, anayatikisa, anaandika kwa kijiti mchangani, halafu anawaambia wenzake, "Jina lako bado, rudi Ijumaa." Watu wazima walikuwa wanacheka. Nilicheka pia, mara ya kwanza.

Yule wa jandoni hakulia wala kulalamika. Shule zilipofunguliwa mwalimu akawauliza wanafunzi namba za simu za wazazi, naye akataja yangu. Mimi niko Mtwara mjini, mwendo wa karibu kilomita 100. Mwalimu alinipigia kuthibitisha, nami nikasema ndiyo, mpe, haina shida. Baada ya kukata simu nilikaa pale dukani kwangu nisijue nimsaidie nani.

Zahanatini walishampima dada presha mara mbili na kumwonya. Aliniambia hilo kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Kijiji kilikuwa na maelezo mawili. Wazee wakasema kazi imempanda kichwani, mwanamke akizoea kuitwa Katibu nyumba inakuwa ndogo. Vijana, na sisi wa mjini tunaosikiliza redio, tukasema hajui kukataa: azime simu, ajipende. Yote mawili yalitupa raha ya kuona kosa liko ndani yake. Wazee hawakuwahi kumwambia mwenyekiti wa bodi, mwanamume, kwamba nyumba yake imekuwa ndogo. Na sisi wa simu, niseme ukweli wangu: katika mwezi mmoja wa Desemba nilimpigia usiku zaidi ya mara tano kwa niaba ya watu. "Dada, kuna mzee wa Nanguruwe ana shamba huko kwenu, hebu niangalizie jina lake." Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye mshahara wake. Nilikuwa namwambia ajipende huku nikibisha hodi kwenye mlango uleule.

Swali lililofungua

Septemba tulikaa kikao cha familia: mama, shemeji, dada, mama mdogo na mimi. Kwetu mjomba ana sauti kwenye mambo ya watoto wa dada yake, kwa hiyo nilianza mimi, na nilianza vibaya. Nilizungumzia siku ya jando. Dada akainamisha kichwa, akasema, "Mdogo wangu, unafikiri ile siku mimi nimeisahau?" Kikao kikanyamaza.

Aliyetuokoa ni mama. Hakumuuliza kwa nini hukuja. Alimuuliza, "Ungeugua siku ile, lori lingeshushwa na nani?"

Dada alifikiri. Akasema hakuna. Halafu akaanza kuhesabu kwa vidole: anayejua neno la siri la kompyuta ya chama, yeye. Anayejua stakabadhi zilizorudi ziko kwenye faili lipi, yeye. Mwenye ufunguo, yeye. Anayetambulika benki pamoja na mwenyekiti, yeye. Namba ambayo wakulima zaidi ya 600 wanaipiga ni laini yake mwenyewe, ile anayompigia mama. Alipofika kidole cha tano akasimama. Nilimwona usoni kwamba hesabu hiyo hakuwahi kuifanya.

Hapo ndipo nilipoelewa. Uaminifu wake ulikuwa umejengewa nyumba ya nguzo moja. Wanachama walioumizwa zamani walisema, tunamwamini huyu, na bodi ikaridhika, kwa sababu nguzo moja ni nafuu: mshahara mmoja, kazi ya watu watatu. Naye dada, lazima nilitaje na hili kwa kuwa alilisema mwenyewe kikaoni, aliipenda hali ile. "Nikiwa sipo halafu mambo yakaenda," alisema, "nitakuwa nani?" Hilo ni neno la mtu mkweli na nililiheshimu. Hata hivyo, amana inayolindwa na mtu mmoja asiyelala haiko salama. Ikiwa daftari la watu 600 linategemea presha ya mwanamke mmoja isipande, basi malipo ya pili kama yale ya marehemu baba yamo hatarini tena, kwa njia nyingine. Kwa dada, hoja hii ndiyo iliyopenya. Ya watoto ilikuwa inamuumiza tu, hii ilimwamsha.

Tulisoma pia sheria, maana shemeji aliitaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya mwaka isiyopungua siku 28 mfululizo, yenye malipo. Kuhusu saa za kazi, zile 45 kwa wiki, mtu angeweza kubishana, kwani sehemu hiyo ya sheria haiwagusi wasimamizi wanaowajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Likizo haina ubishi. Dada alikuwa hajaenda likizo tangu aajiriwe, na hakuna kiongozi wa bodi aliyemkatalia. Hakuwahi kuomba.

Bodi na baada yake

Alikwenda kwa bodi kabla ya msimu kufunguliwa, na hakwenda kulalamika. Alipeleka karatasi moja: chama kitasimama siku ngapi nikilazwa hospitali wiki mbili wakati wa malipo? Mwenyekiti alisoma, akamwangalia, akasema, "Usituombee mabaya, Katibu." Waliahirisha. Kikao cha pili wakakubali nusu.

Ufunguo wa pili ulichongwa na kukabidhiwa mjumbe wa bodi, kwa sahihi. Binti mmoja aliyemaliza kidato cha nne, aliyekuwa kibarua wa mizani, akaanza kufundishwa daftari na kompyuta. Ilinunuliwa laini ya chama, inabaki ofisini saa kumi na mbili jioni. Majina yaliyokwama yanashughulikiwa Jumanne na Ijumaa, chini ya mwembe wa ofisi, hadharani, na kila mwenye dai anaandikwa kwenye daftari la madai. Hili la mwisho lilileta faida ambayo hatukuitegemea: mambo yakisemwa hadharani, minong'ono ya upendeleo inapungua.

Si yote yaliyokwenda. Desemba magunia matatu hayakulingana kati ya daftari na mzigo uliopakiwa siku ambayo dada hakuwepo. Usiku ule alinipigia analia, akisema ni kosa lake kumwamini mtoto. Kulipopambazuka wakakuta binti ameandika mzigo wa mkulima mmoja mara mbili. Ukasahihishwa kabla ya kusafirishwa. Wanachama kadhaa walinung'unika kwamba Katibu siku hizi anaringa, simu haishiki. Mzee mmoja, rafiki wa marehemu baba, alikuja kibarazani saa tatu usiku kama zamani. Shemeji ndiye aliyetoka. Alimkaribisha, akampa chai, akamwambia Ijumaa atamsindikiza mwenyewe mpaka chini ya mwembe. Alimsindikiza kweli. Huu mchango wa shemeji naona watu wanausahau wakisimulia. Bila mlango kuwa na mtu mwingine wa kuufungua, dada angerudi kulekule ndani ya wiki mbili.

Likizo aliichukua Februari. Siku ya tisa alirudi ofisini kwa sababu orodha ya marekebisho ya benki ilihitaji sahihi yake, akakaa siku tatu, kisha akarudi nyumbani kumalizia. Alilima. Alipika ming'oko, vile viazi vya porini, pamoja na watoto. Aliniambia wiki ya kwanza mikono ilikuwa inatafuta simu kwenye pindo la khanga kama mtu aliyeacha tumbaku.

Mwanawe hajamwendea kama tulivyotamani. Anamheshimu, anamsaidia, lakini akiwa na neno la maana bado ananipigia mimi. Nilitaka kumrudishia mama yake simu zile, nikaona itakuwa kumsukuma. Kwa hiyo namsikiliza, halafu namuuliza, "Mama umeshamwambia?" Mara nyingine ananijibu ndiyo.

Mshahara wa karani wa pili bado haumo kwenye bajeti ya chama. Binti analipwa kwa siku, na msimu ukifungwa anaweza kuondoka. Hilo litapelekwa mkutano mkuu. Nitafunga duka siku hiyo nikasimame nyuma ya ukumbi, maana shamba la baba lingali kwenye jina letu na sauti ninayo.

Mwezi uliopita tulikaa tena, safari hii kwa ajili ya mtoto wa pili, ambaye naye ataingia jandoni Julai ijayo. Mama alishauri tusubiri kwanza ratiba ya minada ya ufuta ijulikane ndipo tuseme siku ya kutoka. Dada alikataa. Akachukua kalenda iliyokuwa ukutani, akaweka alama Jumamosi moja, akaipiga picha, na palepale, mbele yetu, akaituma kwa mwenyekiti wa bodi na kwa yule mjumbe mwenye ufunguo wa pili.